Waliochorwa bila Kivuli

Kila asubuhi, kabla jua halijashika mabati ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, nchini Malawi, Mzee Narcisse alitoa kigoda chake nje ya mlango, akaketi kungoja watu ambao hawajanawa uso.

Hilo ndilo lilikuwa sharti lake. Anayetaka kuchorewa ndoto aje nayo mbichi, kabla maji hayajagusa macho, kabla hajasalimiana na mtu njiani. "Ukishasema bonjour, nusu imekwenda," alizoea kusema. Nyumbani kwa bibi yake kule Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, ndivyo ndoto zilivyosimuliwa. Bibi aliketi ukingoni mwa kitanda, wajukuu wakaingia mmoja mmoja na tongo machoni, kila mmoja akatua alichokiona usiku, ndipo wakatumwa maji. Sasa nani ana bibi wa namna hiyo? Mtu akifungua jicho moja tu, mkono umeshafika kwenye simu, na ndoto inakufa palepale kama kifaranga kilichokanyagwa.

Alikuwa na miaka sitini na tisa. Bukavu alikuwa mchoraji wa vibao: vichwa vilivyonyolewa vizuri kwa ajili ya vinyozi, chupa za dawa kwa wauza dawa, simba kwenye milango ya malori. Shule aliiacha darasa la sita. Yaliyobaki alijisomea katika vitabu vilivyouzwa kwa kilo sokoni ili watu wafungie karanga. Kimoja, cha falsafa, kisichokuwa na jalada, kilisema kwamba jicho halikioni kitu chenyewe, linaona tu alama ambayo kitu hicho kimeiacha akilini. Ukurasa huo aliusoma mpaka ukakatika. Kama ni hivyo, aliwaza, basi aliyelala na aliye macho wote wanaangalia alama, na aliyelala ana nafuu, maana hakuna anayempigia kelele.

Vita vilimtoa Bukavu. Dzaleka alifika mwaka 2009, peke yake, na brashi nne ndani ya soksi. Tangu usiku wa kwanza kambini hakuota tena, na jambo hili hakumwambia mtu. Aliishi kwa ndoto za wengine, kama asiye na shamba anavyoishi kwa mavuno ya jirani.

Alizichora kwenye magunia ya unga yaliyofuliwa na kukazwa juu ya mbao. Mwanamke anavuta kamba kisimani, na kinachopanda ni kanisa zima, maji yakimwagika kengeleni. Baba ameketi mezani na wanawe, meza imesimama juu ya ziwa, samaki wadogo wanaogelea ndani ya mikono ya shati lake. Nyuso zilikuwa kubwa kuliko milima iliyo nyuma yake, na macho hayakuwa wazi wala hayakufumba. Kambini mlikuwa na watu wengi waliokimbia bila picha hata moja ya wapendwa wao. Hao walikuja kwake kuutafuta uso.

Halafu likaja jambo la kivuli.

Zamani kila aliyechorwa alipewa kivuli chake, kwa sababu mchoraji wa vibao anajua kwamba mtu asiye na kivuli anaonekana kama anaelea. Mwaka 2017 mwanamke mmoja wa Uvira alimletea ndoto ya kaka yake, Adolphe, amesimama katikati ya barabara na mlango begani. Narcisse alipofika miguuni, rangi nyeusi ikaisha. Nauli ya kwenda Lilongwe kutafuta nyingine hakuwa nayo, na masizi ya sufuria hayashiki kwenye gunia, yanapukutika. Akaiacha hivyo. Baada ya wiki tatu simu ikapigwa kutoka Uvira: Adolphe amekufa, na alikuwa ameshakufa kabla dada yake hajaota.

"Mzee aliona," watu walisema kwenye foleni ya maji. "Njo maana hakumuwekea kivuli."

Alipaswa kucheka na kusema ukweli. Hakusema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu atoke Bukavu watu kumpisha njiani na kumwita Mzee kwa sauti ya kumaanisha. Alinyamaza siku ya kwanza, akanyamaza ya pili, na mwezi ulipokwisha hapakuwa tena na mahali pa kuanzia. Toka hapo, picha ikitoka bila kivuli, familia inalia, inanyoa nywele, inakaa matanga, na wazee wa kanisa wanakuja kusali kana kwamba maiti iko ndani. Matanga kumi na moja yalikaliwa namna hiyo. Katika picha nyingine ndoto yenyewe haikuwa na ardhi ya kuangukia kivuli. Katika nyingine, Mungu amsamehe, alimtazama mwotaji, akaona jinsi alivyochoka kungoja, na mkono wake ukapita pembeni ya kopo la nyeusi.

Jirani yake Mama Gertrude alikuwa mmoja wa waliochoka. Miaka sita alikuwa akikimbilia kila lori linaloleta wageni kutoka mpakani Karonga, akimtafuta mwanawe Fabien aliyepotelea vitani, mpaka walinzi walimjua kwa jina. Picha ya Fabien ilipotoka bila kivuli, alilia siku tatu, akakaa matanga, kisha akalala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu Bukavu. Akanenepa. Tangu wakati huo, kila jioni alimletea Narcisse bugali na majani ya maboga chini ya sahani iliyofunikwa. "Kula, Mzee," alisema. "Ulinifungia mlango uliokuwa unaingiza baridi."

Mwezi wa nane, upepo wa vumbi ukivuma, akaja Fortunée. Alikuwa mwanamke wa Fizi, mkaanga maandazi, mwimbaji wa kwaya. Alikuja bila kunawa uso, na kitenge kilichofungwa haraka, akachuchumaa mbele ya kigoda bila kusalimu, kama ilivyotakiwa.

"Lete," Narcisse alisema.

"Nimemuota bwana yangu, Baba Gabriella. Alikuwa anasimama mu maji, mpaka hapa." Akagusa goti. "Ananigeuzia mgongo. Amevaa shati ya bulu. Na ile shati ni ya Noël, Mzee! Noël njo aliishona, anaivaa siku ya dimanche ku kanisa. Sijui bwana yangu aliipata namna gani."

"Mwanga ulitoka wapi?"

"Kila mahali. Hata chini ya maji."

"Uso uliuona?"

"Aligeuka kidogo tu. Akaniangalia vile bantu wanaangalia mutu wa kabaza, ile baiskeli ya kubeba bantu: huyu atanibeba, ao ataniangusha?"

Narcisse karibu acheke. "Na kivuli chake?"

Fortunée akaanza kuchora mistari vumbini kwa kidole. "Mi sikuangalia."

Habari zake zilijulikana. Miaka tisa iliyopita, usiku wa risasi, yeye na mume wake René walikuwa wakikimbilia ziwani. René alirudi kumchukua mama yake. Fortunée alivuka na mtoto mgongoni, na tangu siku hiyo hakupata hata salamu. Sasa alikuwapo Noël, fundi cherehani, mtu mpole, aliyemngoja miaka miwili. Mchungaji Alexis alikuwa ametoa neno lake: mjane anaolewa, mke wa mtu haolewi. Picha ikitoka bila kivuli, Jumapili watakaa matanga, na baada ya siku arobaini ndoa itafungwa kanisani.

"Mzee," Fortunée alisema, "we unajua sababu nimekuja."

"Umekuja kuchorewa ndoto."

"Nimekuja unisaidie. Gabriella ana miaka kumi, anauliza kila siku mi niko bibi ya nani. Usimuwekee kivuli. Njo hiyo tu."

"Nenda unawe uso."

Alimchora René siku mbili, kuanzia kichwani kushuka chini kama alivyomchora kila mtu, mpaka akafika kwenye maji. Hapo akasimama. Rangi nyeusi ilikuwa imebaki kidogo mno, na wiki hiyohiyo alikuwa na safari ya Lilongwe.

Aliyemwita huko alikuwa Nadège, msichana aliyekulia kambini, akasoma, akajua kuzungumza na wakubwa. Alikuwa ameomba sebule na baraza la nyumba moja mtaa wa Area 47 ili zitundikwe picha za wachoraji wakimbizi kwa siku nne. Zake zilikuwa sita, ya Adolphe ikiwa katikati. Narcisse alivaa koti, akafika, akaziona picha zake chini ya taa za umeme. Hakuzitambua vizuri. Gunia lilionekana jembamba, nyuso zikawa kama za watu walioamshwa ghafla kwa tochi. Kando ya kila moja palibandikwa karatasi. Alisogeza macho, akasoma: "Hapa msanii anasimama mpakani mwa uhai na umauti. Asiye na kivuli ni marehemu."

Wageni walizunguka na bilauri za juisi. Wengi waliinua simu, wakapiga picha ya picha, wakaendelea bila kuangalia. Bwana mmoja mwenye ndevu zilizochongwa alisimama mbele ya Adolphe muda mrefu, kisha akauliza kitu, na Nadège akatafsiri.

"Papa, anauliza kukosekana kwa kivuli kuna maana gani."

Narcisse aliiangalia miguu ya Adolphe. Miaka yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo, waziwazi, mbele ya watu.

"Rangi nyeusi iliisha," alisema.

Nadège akatafsiri. Yule bwana akaweka mkono kifuani, akafumba macho. Mama mmoja akatoa daftari kwenye mkoba, akaandika. Kisha mtu akaanza kupiga makofi, na wote wakafuata.

"Umejibu vizuri sana, Papa," Nadège alimnong'oneza, machozi yakimlenga. "Nyeusi iliisha! Inaingia moyoni."

"Iliisha kweli, mtoto wangu. Kopo lilikuwa tupu."

"Njo hivyo, Papa. Njo hivyo kabisa."

Alirudi Dzaleka na kopo jipya la rangi nyeusi kwenye mfuko wa koti, na uchungu ambao hakujua auteme wapi. Zamani mtu akisema uongo aliogopa, na akisema kweli alisikilizwa. Siku hizi vyote viwili vinapigiwa makofi.

Aliweka picha ya René mbele yake, akafungua kopo, akachovya brashi. Halafu hakupata mahali pa kuigusisha. Mwanga ulitoka kila mahali, hata chini ya maji. Fortunée mwenyewe ndivyo alivyosema. Mchoraji yeyote anajua kwamba penye mwanga wa namna hiyo hakuna kivuli. Akikiweka, ameidanganya ndoto. Asipokiweka, ameichora kwa uaminifu kuliko zote alizowahi kuchora, na kambi nzima itasoma humo kifo asichokijua. Akaosha brashi. Akamaliza maji kwa rangi ya bulu na nyeupe, akaigeuza picha ukutani.

Jumapili baada ya ibada wakaja. Mchungaji Alexis alitangulia, na Mama Benedicte, mkubwa wa kina mama, mwenye sauti ya kuanzisha vilio vyote vya kambi. Fortunée alivaa nguo nyeusi aliyoazima, kubwa kwake mabegani. Noël alibaki mlangoni na utepe wa kupimia shingoni, kwa sababu hakujua kama ni haki yake kuingia. Mama Gertrude alikuwapo pia, na sahani yake iliyofunikwa, akijua kwamba siku za matanga mchoraji husahau kula.

"Tuonyeshe, Mzee," mchungaji alisema.

Narcisse akaigeuza picha. Mwanamume mwenye shati la bulu, kichwa chake kikubwa kuliko kilima, amesimama ndani ya maji yanayong'aa, anatazama nyuma kwa jicho moja la mashaka. Chini yake hapakuwa na kitu ila mwanga. Mama Benedicte akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoa kilio.

Narcisse alimtazama Fortunée, akitegemea kuuona uso wa mtu aliyefunguliwa kamba. Hakuuona. Fortunée alianguka magoti, akapiga ardhi kwa viganja.

"René! Baba Gabriella! Kumbe njo ulikuja kuniaga, na mi sikujua! Uliniangalia, na mi sikukuita!"

Noël aliingia kumshika, Fortunée akamsukuma. Machozi yalikuwa ya kweli, kamasi ilikuwa ya kweli. Yuleyule aliyemwambia asiweke kivuli sasa alikuwa amekiangalia kisichokuwapo na kuamini. Hapo Narcisse akaelewa kwamba kati ya wale kumi na mmoja, na huyu wa kumi na mbili, hakuna hata mmoja aliyekuja kwake kuomba uongo. Walikuja kuomba kuambiwa.

"Acheni kulia," alisema. Hawakumsikia. "Acheni! Hajafa."

Mama Benedicte alikata kilio katikati.

"Yaani sijui kama amekufa," Narcisse alisema. "Mimi sijui kitu. Sikuwahi kujua. Kwa Adolphe, nyeusi iliisha koponi. Hakuna lingine. Ninyi mkasema nimeona, na mimi nikaacha mseme."

"Mzee," mchungaji alisema taratibu, "leo umekunywa?"

"Sijanywa."

"Basi umechoka. Kaa chini."

"Nimechoka, lakini ni kweli."

Sahani ilisikika ikiwekwa juu ya meza. Mama Gertrude alikuwa amesogea mpaka mbele yake.

"Na Fabien?" aliuliza. "Kwa Fabien nyeusi ilikuwako?"

Angeweza kusema haikuwako. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Ilikuwako."

"Sasa?"

"Nilikuona umechoka, Mama Fabien."

Mama Gertrude alimtazama kama anayemtafuta mtu katika umati. "Nilichoka," alisema. "Nani alikutuma unipumzishe? Mwaka huu wote na ule mwingine, malori yameingia mangapi, mi nikiwa nimelala?" Akaichukua sahani yake, akatoka nayo.

Fortunée alikuwa ameinuka, magoti yakiwa na vumbi. Hakulia tena.

"Sasa mi niko nani?" alimuuliza Narcisse. "Niambie. Asubuhi nilikuwa bibi ya mutu. Sasa hivi nilikuwa mjane. Sasa niko nani? Miaka yote ulinyamaza, Mzee, miaka yote! Leo dakika tano zilikushinda?"

Noël akatoka nje kwanza, kisha mchungaji, akisema kwamba matanga hayapo, ndoa haipo, na wazee watakaa kulijadili jambo hili.

Walikaa, na hawakuamua kitu zaidi ya kumwambia Fortunée angoje. Habari ilizunguka kambi kabla giza halijaingia. Watu watatu walirudisha picha zao, wakaziegemeza nje ya mlango wa Narcisse bila kubisha. Wengine walikataa kuamini. Dada yake Adolphe alitangaza kisimani kwamba Mzee amezeeka tu, kwamba aliona, na sasa anaogopa alichokiona. Noël alivumilia mpaka mvua za kwanza. Alipopata nafasi ya kushona katika duka moja Mitundu, alifunga cherehani yake kwenye baiskeli, akamwambia Fortunée kwamba atarudi ukipatikana ufumbuzi. Fortunée hakumsindikiza. Picha ya René aliichukua, akaitundika juu ya kitanda cha Gabriella, kwa kuwa mtoto aliitaka. Siku moja alipokutana na Narcisse njiani alimwambia, bila hasira, kana kwamba anataja bei ya unga, kwamba tangu ile Jumapili René hakuja tena usingizini.

Bugali la jioni halikuja tena. Narcisse alijipikia uji, mara nyingine alisahau. Asubuhi kigoda kilibaki ndani. Aliwasikia watu wakipita nje, wakiambiana habari za usajili na za bei, na akawa hana la kuwauliza.

Lakini mapambazuko ya kila siku ya lori alimsikia Mama Gertrude akifungua mlango, akijifunga kitambaa kichwani, akitoka. Alikuwa amekonda tena. Mara ya kwanza Narcisse alimsikiliza tu, akiwa kitandani. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu aliamka, akavaa koti, akamfuata kwa mbali mpaka mahali wageni wanapopokelewa, akasimama hatua chache nyuma yake. Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha, na watu kama ishirini walikuwa wamekusanyika, kila mmoja kwa ajili ya mtu wake.

"Umekuja kufanya nini?" Mama Gertrude aliuliza bila kugeuka.

"Kuangalia."

"Fabien unamjua? Hujapata kumuona na macho."

"Namjua vile ulivyoniambia. Kovu kwenye nyusi. Sikio la kushoto linasimama."

"Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sasa iko karibu thelathini. Labda amepata ndevu."

"Labda."

Mama Gertrude alijipangusa mvua usoni. Lori lilitokea kwenye kona, likayumba kwenye tope, watu wakaanza kusukumana.

"Angalia upande ule," alisema hatimaye, akinyoosha kidole. "Macho yangu hayafiki kule."

Turubai likafunguliwa nyuma. Wakaanza kushuka, na mablanketi, na watoto, na sufuria zilizofungwa kwa kamba. Narcisse akasogea upande alioonyeshwa, akaanza na uso wa kwanza.